Kifungu cha Jamaa Mwenye Mshahara

Kibiwott alizijua hesabu za uchumi, hilo hakuna aliyelipinga. Alikuwa mtoto wa Saboti aliyerudi kutoka ng'ambo na digrii ya pili, akaajiriwa wizarani, na Machi ya 1990 alisimama katika ukumbi wa walimu mjini Bungoma akitetea ada mpya za hospitali kana kwamba anatetea shamba la baba yake.

"Wagonjwa wamepungua nusu," alisema, akigonga chati kwa kidole. "Maana yake nini? Wenye mafua wamebaki nyumbani. Sasa dawa zitawatosha walio wagonjwa kweli."

Waithaka akacheka. Walisoma darasa moja chuoni, kisha yeye akabaki huko kufundisha, na tangu hapo hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari ya chai.

"Ndugu yangu, chati yako inahesabu waliofika. Wasiofika umewauliza? Serikali inabana matumizi wakati ule ule mkulima amekosa kipato, halafu unasema soko litajirekebisha. Litajirekebisha lini, mtu akiwa kaburini?"

"Basi tufanyeje? Tuchape noti, bei zipande, maskini huyo huyo akose hata chumvi?"

Wakavutana hivyo karibu saa nzima, wakijipiga vifua, mpaka muuguzi mmoja wa hapo Bungoma, Nanyama, akachoka kunyoosha mkono na kusimama tu.

"Mimi niko wodi ya watoto. Vitanda viko wazi, ni kweli. Harafu kila Jumamosi naenda matanga ya mtoto. Si hiyo pia muweke kwa chati, bana?"

Kibiwott hakutikisika, maana silaha yake alikuwa ameiweka mwisho: maskini angepewa barua na naibu wa chifu, atibiwe bure. Na ili wajanja wasipenye, yeye mwenyewe alikuwa ameandika kifungu alichokionea fahari kuliko digrii zake: barua asipewe mtu yeyote mwenye mzazi, mtoto, kaka au dada anayelipwa mshahara. Kilikuwa kikijaribiwa katika kata chache, Saboti ikiwemo.

"Vitabu vya Wazungu havijui kwamba sisi tuna jamaa," alisema. "Kwetu jamaa ndiyo bima."

Wakampigia makofi. Waithaka akavua miwani, akaifuta.

Makofi hayajaisha, mlangoni akatokea Kiptanui, mume wa Jerop, dada yake Kibiwott wa pekee. Alikuwa amevaa gambuti zenye matope, na karatasi mkononi. Kibiwott akatoka nje haraka.

"Shemeji, kuna nini?"

"Jerop ako na homa, siku ya tano sasa. Anatapika, na tangu jana anaongea maneno haieleweki. Na ile mimba ni miezi saba."

"Na hospitali?"

"Tulienda, wakataka ada. Mahindi tuliuza lakini pesa haijafika. Wakasema nilete barua. Naibu wa chifu naye akasema hawezi andika, ati Jerop ni dada ya mtu wa serikali, kuna sheria." Akaikunjua ile karatasi, nayo ilikuwa tupu. "Ndiye ameniambia uko Bungoma leo. Amesema wewe uandike hapa kwamba humsaidiangi. Uweke sahihi. Halafu yeye ataandika."

Kibiwott aliipokonya ile karatasi.

"Kwa nini hamkunitafuta? Ningelipa siku hiyo hiyo!"

Kiptanui alitazama gambuti zake. "Krismasi tulikuja kwako juu ya karo, ukasema umechoka na watu wa kuomba. Jerop akaapa hatakusumbua tena. Na hii barua pia alikataa. Alisema, 'Nikienda kwa chifu niseme sina mtu, nitakuwa nimemzika kaka yangu akiwa hai.' Leo nimekuja kwa sababu hana nguvu ya kunikataza."

Aibu ilimchoma Kibiwott. Alikuwa amesahau kabisa maneno yale ya Krismasi. Wakubwa husahau vizuri, wanaokumbuka ni walioambiwa.

Waithaka, aliyekuwa amewafuata nje, hakusema "nilikwambia". Alitoa funguo za gari. Wakapita Webuye, wakapita Kiminini, wakaingia Kitale na kutoka bila kusimama, na hakuna aliyetaja nadharia yoyote. Kibiwott alisali kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yake, akimwahidi Mungu kila kitu, hata kazi yake.

Walifika kwa Jerop, Saboti, saa tisa alasiri. Wanawake wa kanisani walikuwa wamejaa uani, na walipoona gari waliinamisha vichwa, wakampisha.

Ndani, mama yake, Chelangat, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimwosha Jerop uso kwa kitambaa. Alikuwa akiosha polepole mno, na maji yalipomwingia Jerop machoni, hakupepesa.

"Mama, nimekuja na gari."

"Nimesikia gari." Hakugeuka. "Tumekungoja tangu asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Bungoma. Kwa mkutano."

"Mkutano wa nini, mwanangu?"

Kibiwott alitafuta neno jingine, lolote, asilipate.

"Wa hospitali, mama."

Mama alikikamua kitambaa ndani ya karai.

"Basi kuja ushike kichwa chake," alisema, "nimalize kumwosha."