Karatasi Iliyobanduliwa Mapema

Marlys Hruska alikuwa amechoka kabla hata hajawasha cherehani. Usiku mumewe, Leland, alikuwa ameamka tena na tena kutafuta ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani, na kila mara ni yeye aliyemrudisha kitandani. Binti yao, Corliss, ndiye aliyemwandikisha kwenye mafunzo haya ya siku mbili katika ukumbi wa chini wa kanisa.

"Nenda, Mama. Mimi nitakaa na Baba," alimwambia. "Ushone, upumue."

Kupumua kwenyewe ndiko huku: wanawake wameinamia cherehani, pasi zinafuka mvuke, na walimu wawili, Twyla na Verna, wanapita nyuma ya migongo yao. Wote wawili walikuwa wameisomea kazi hii mpaka wakaruhusiwa kuifundisha: mfarishi wa viraka wenye nyota moja kubwa, yenye ncha kali kama sindano, unaoshonwa juu ya karatasi. Karatasi imechorwa mistari. Kitambaa unakiweka upande wa nyuma, usikokiona, halafu unashona kwa kufuata mstari wa mbele. Ukikikunjua kiraka, lazima kifunike pembe yake yote iliyochorwa.

Cha Marlys hakikufunika.

"Kinyume tena," Twyla alisema, akiiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Fumua, dada."

"Nimefumua asubuhi nzima."

"Basi mkono umeshazoea."

Verna alimsogezea kahawa na andazi la plamu. "Usimjali huyo, shoga. Mimi siku ya kwanza niliishona karatasi pamoja na mkono wa blauzi yangu. Nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani."

Marlys alicheka kidogo, akaanza kufumua. Mishono ilikuwa midogo mno, kwa kuwa ndiyo inayoifanya karatasi ichanike kirahisi baadaye. Machozi yalimtoka kwa kuikodolea macho. Akaegemeza shavu kwenye kitambaa cha buluu, apumzike kidogo tu.

Alipozinduka, taa ya cherehani yake ilikuwa imezimwa na wenzake wamekwenda kula. Hasira zikampanda.

"Mbona hamkuniamsha? Somo limenipita!"

"Ulikuwa unakoroma vizuri kuliko unavyoshona," Twyla alijibu. Lakini na yeye hakwenda kula. Alivuta kiti, akamwonyesha kuikunja karatasi kwenye mstari, kuishika mbele ya mwanga, na kutazama kivuli cha kitambaa kabla ya kushona. Hakumsifu wala kumbembeleza. Ilipofika jioni Marlys alikuwa amepata kiraka kimoja, kisha cha pili, na kesho yake mchana mkono mzima wa nyota ulikuwa umelala mezani, buluu na njano, kila ncha mahali pake. Aliugusa kama mtu anayegusa kitu cha mwenzake.

Ndipo Corliss akaingia, amemshika baba yake mkono.

"Hataki kula, Mama. Anakuulizia tu. Nimeshindwa."

Leland alikalishwa karibu na meza, akatulia. Marlys akaenda kupiga pasi viraka vilivyobaki. Aliporudi, mapaja ya mzee yalikuwa yamejaa vipande vya karatasi.

"Nakusafishia, Marlys," alisema kwa furaha. "Ilikuwa na makaratasi kila mahali."

Twyla aliunyanyua ule mkono wa nyota. Kingo zilikuwa zimeanza kuyumba.

"Karatasi haitolewi mpaka mikono yote iunganishwe," alisema taratibu. "Kitambaa sasa kimeshavutika. Hakitalala sawa."

Marlys alipanda ngazi akatoka mpaka kwenye maegesho, akasimama kando ya gari huku upepo wa mashambani ukimpiga usoni. Corliss alimfuata mbio.

"Samahani, Mama. Nilidhani akikuona dakika moja..."

"Siyo nyota, mwanangu." "Nimechoka. Siwezi tena kukaa naye peke yangu."

Corliss alimkodolea macho. "Kila nikipiga simu unasema mko salama."

"Nasema hivyo. Wewe ungenifanyia nini, na kazi yako ile?"

"Ungeniambia kwanza, ndipo tujue." Corliss alikuwa analia. "Leo analala kwangu. Tena siyo leo tu. Tutatafuta mtu wa kusaidia. Usinibishie."

Marlys hakuwa na nguvu za kubisha.

Walimpakia Leland kwenye gari la binti yake. Alipunga mkono dirishani kama anayekwenda sokoni. Marlys alibaki pale mpaka gari lilipopotea njiani, akijisikia mwepesi na mwovu kwa pamoja, kisha akashuka ngazi polepole.

"Nianze upya, au niushone hivi hivi?" alimuuliza Twyla.

"Ningekuwa mimi, ningeanza upya."

"Mimi nitaushona hivi hivi."

Twyla akamsogezea kopo la pini. "Basi bana kingo kwanza. Pini nyingi. Na usiuvute."