Mwiritsa wa Kaburini

Baba ndiye aliyeua mti wetu wa mwiritsa, na aliuua kwa mapenzi. Mama alipougua, Baba alichukua panga lake la kukatia miwa akabandua gome achemshe dawa. Mama alipokosa nafuu akabandua tena, mpaka shina likabaki uchi pande zote. Tulimzika Mama chini yake. Baadaye majani yakapukutika, na Baba akaacha kabisa kupita upande ule wa boma.

Hilo liliniuma kuliko mazishi. Watu wakaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Sikuwa na masikio ya methali. Nafanya kazi katika maabara ya mimea huko Bukura, nikachuma matunda mabichi ya mwisho yaliyobaki kwenye matawi yake. Mbegu zilikuwa changa mno, zingeozea udongoni. Nikazipasua, nikatoa viini vyake, vidogo kama punje za wimbi, nikavilaza kwenye chupa zenye chakula cha mimea. Karibu vyote viliharibiwa na ukungu. Kimoja kikatoa jani. Nililia mbele ya wenzangu, wala sikuona haya.

Mche ulipozoea hewa ya nje, niliubeba nyumbani. Baba aliutazama, akarudi kuketi.

"Upande, Baba."

"Siwezi. Hii mkono yangu ndiyo ilimaliza ile ingine."

"Basi nitaupanda mimi."

"Mwanamke hapandangi mti, Rachael. Atakosa kuzaa."

Kwetu Kakamega ndivyo wazee wanavyosema, na sina kaka wa kumwita. Nimeolewa na bado sijapata mtoto, mawifi zangu hawaniachi nisahau. Nilikasirika.

"Nimeulea ndani ya chupa tangu hauna hata jani, Baba. Kama ni kupanda, nilishapanda."

Akautazama tena mche. Kisha akauliza, "Ndani ya chupa ilikuwa inakulanga nini?"

"Sukari."

Baba amekata miwa tangu ujana wake, kwa panga lile lile. "Ya miwa?"

"Ya miwa, Baba."

Akainuka, akachukua jembe, akaenda mpaka kaburini. Nilimfuata na mche. Alichimba polepole kando ya lile shina kavu, kisha akapiga magoti, akaniashiria nipige magoti upande wa pili.

"Shika na wewe," akasema. "Kama iko na mkosi, ianze na mimi."

Tulishindilia udongo pamoja. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na hakuuondoa.