Ufunguo wa Pili

Funguo mpya za nyumba ile ya Milimani zilipangwa mezani jikoni, mbili mbili, na Jaswant alikuwa akizitundika ukutani. Mwenye nyumba, Bwana Kiplangat, afisa wa serikali aliyeinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao, alikuwa amemwahidi kazi ya vitasa katika nyumba za wenzake wote wa mtaa huo, mradi hii impendeze. Jaswant aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote mwaka ule.

"Fundi," aliuliza Naliaka, yaya wa nyumba, mtoto akiwa mgongoni, "ufunguo wa pili wa chumba changu utakaa wapi?"

"Hapa kwa msumari. Siku zote tunaweka hapa, hata wakati wa Wazungu."

"Kwa hivyo kila mtu anapita hapa anaweza kufungua kwangu."

Jaswant alitaka kucheka. Alipomwona uso, kicheko kikamkwama.

"Hata kitasa cha zamani kilikuwa hivyo," Naliaka alisema polepole. "Mimi nalala nimesukuma kitanda mlangoni."

Miaka yote Jaswant alitundika funguo za watu bila kuagizwa na mtu. Ndivyo alivyofundishwa, basi. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza ni nani huuchukua ule wa pili, wala saa ngapi. Aibu ikampanda hadi masikioni. Alitoa komeo sandukuni mwake, akaenda nyuma ya nyumba, akalifunga kwa ndani kwenye mlango wa yaya. Alipokwisha kukaza skrubu, akazisaga vichwa kwa tupa mpaka bisibisi ikakosa pa kushika.

Kiplangat aliliona alasiri, aliporudi kutoka kazini, mlango wa yaya ukiwa wazi.

"Nani alikuagiza hii? Toa."

"Haitoki, bwana, mpaka uvunje mlango."

"Na nikimhitaji usiku?"

"Utapiga hodi."

Kiplangat alimkazia macho. "Zile nyumba zingine, usijisumbue nazo."

Jaswant alifunga sanduku kwenye baiskeli. Roho ilimuuma kwa kazi ile aliyoikosa. Naliaka alikwisha kuingia chumbani kwake, na Kiplangat akaja na ufunguo wa msumarini, akauzungusha, akausukuma mlango. Mlango haukwenda. Akausukuma tena kwa bega. Kisha akakohoa, kama mgeni katika ua wake mwenyewe.

"Hodi."

"Nani?" Naliaka akauliza.