Mkono wa Ndunge

Katika soko lote la Kalamba hakuna mtu aliyejua kuuza vitabu vya zamani kwa simu kumshinda Wayua. Ni kweli pia kwamba hakukuwa na mwingine aliyeuza, na kwamba wiki ya kwanza alipiga picha za pua yake tu, maana hakujua kamera iko upande gani.

Kila asubuhi, akishakamua mbuzi, alitandika gunia safi juani, akaweka kitabu juu yake na kukipiga picha. Vilikuwa vitabu vya jalada jepesi, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na nje kumechorwa daktari akimkumbatia nesi, au mpelelezi aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Chini ya picha aliandika kwamba vimetoka kwa marehemu mume wake, msomaji mkubwa. Marehemu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kitabu pekee alichowahi kushika kilikuwa cha nyimbo za kanisani, na alikishika kichwa chini, miguu juu.

Vitabu vilikuwa vya jirani yake Ndunge, aliyevinunua kimoja kimoja tangu usichana wake. Binti yake Mumbua alipojifungua mapacha kule Salama, Ndunge alienda kumsaidia, akamwachia Wayua vitabu vyote na ombi moja tu: avikinge na mchwa.

Picha ya kwanza isiyo ya pua ilitoka na mkono. Kulikuwa na gunia, kitabu, na mkono wa kulia wa Ndunge umekishika pembeni, pamoja na lile kovu la mafuta ya mandazi juu ya kidole gumba. Wayua akatazama gunia: hapakuwa na mkono. Akatazama simu: upo. Akaona ni vizuri, kwa sababu mteja wa mtandaoni haamini kitu mpaka akione kimeshikwa.

Wateja waliupenda. Nasteho wa Mwingi, aliyenunua hadithi zote za manesi, aliuliza kama mkono nao unauzwa. Wayua akamjibu kwamba mkono ni wa kuonyesha ukubwa. Siku nyingine ulikuja na unga, siku nyingine umepakwa rangi ya kucha. Kuna siku ulitokea umenyooshwa mbele, wa kusalimia, na kwa kuwa Mkamba aliyelelewa haachi mkono wa mtu ukining'inia, Wayua aliusalimia palepale kwenye kioo cha simu. Kisha akakiuza kile kitabu.

Baadaye Ndunge alipiga simu kutoka Salama. Alikuwa na shida ndogo. Asubuhi, akiwa anamenya machungwa ya kuwauzia wasafiri barabarani, mkono wake wa kulia hutoka ukaenda zake, na ukirudi unanuka karatasi ya zamani. Mchungaji wa huko alikuwa ameuombea, akapaka mafuta pale unapotokea. Mumbua alisema ni mambo ya kiangazi. Wayua akampa pole, akamshauri awe akimenya machungwa jioni.

"Wacha nirudi nyumbani, Mama Musyimi," Ndunge akasema. "Nikae na vitabu vyangu. Mtu wa umri wetu ana raha gani nyingine?"

Wayua alifikiria raha nyingine, haikumjia hata moja. Aliamua kuacha biashara siku hiyohiyo. Lakini Nasteho alikuwa ameshawaambia dada zake, na dada zake walitaka manesi. Basi akaendelea, ila kwa huruma: alipiga picha haraka haraka, ili rafiki yake asikae muda mrefu bila mkono.

Ndunge alifika siku ya soko, leso begani. Wayua alimtilia chai, na kabla hajaulizwa lolote, akajibu.

"Mchwa, Mama Mumbua. Wamemaliza. Nimelia mpaka nikakosa machozi."

"Vyote?"

"Hata gundi wamelamba."

Ndunge akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukateremka kutoka chini ya leso, ukatembea kwa vidole kando ya miguu ya meza, ukaingia chumba cha kulala bila kubisha, kama mgeni aliyezoea nyumba. Chini ya kitanda kukasikika kitu kinavutwa. Wayua akaanza kuongea juu ya ndengu, kwa sauti kubwa kidogo.

Mkono ukarudi unaburuta gunia la vitabu vilivyobaki. Ukavipanga mezani, ukavipangusa vumbi. Halafu ukakishika kile cha juu pembeni, kidole gumba mbele, ukatulia kungoja kupigwa picha.

Ndunge aliutazama, akamtazama mwenye nyumba.

"Mchwa," akasema.

"Walikuwa wamekula kabisa," Wayua akasema, huku mkono wake mwenyewe ukitafuta simu mfukoni. "Nadhani wametapika."