Ishirini kwa Dakika

Kuhesabu pumzi za mgonjwa kuna ulaghai wake wa halali. Unamshika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo ya moyo, kumbe jicho lako liko kifuani pake, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha mwendo. Dakika nzima, bila kupunguza. Ndivyo muuguzi wa wodi ya kikohozi alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya miaka yote, mpaka kirusi kipya kilipoingia, wagonjwa wakafika hamsini na watatu, na wenzake wawili wa zamu wakalazwa vitanda vya saba na nane.

Fomu nazo zikaja, kurasa nne kwa kila mgonjwa: homa, kikohozi kikavu, harufu asizozisikia, maumivu ya viungo, pumzi kwa dakika. Wakubwa walitaka kuujua ugonjwa. Matroni alikuwa na amri moja tu.

"Sitaki kuona kisanduku kitupu. Kisanduku kitupu ni muuguzi mvivu."

"Matroni, watu hamsini, dakika moja moja, mara nne kwa siku, na niko peke yangu..."

"Nimekuuliza hesabu mimi?"

Basi akajaza. Ishirini, ishirini, ishirini. Mara mojamoja kumi na nane, isije ikaonekana. Mkono wa mgonjwa aliushika kweli, tena kwa upole, lakini jicho lilikuwa kwenye mtungi wa oksijeni unaokaribia kwisha kitanda cha pili. Maji yalikuwa yamezidi unga, na kila mtu pale hospitali aliyaona.

Kitanda cha thelathini na moja alilazwa fundi viatu wa nje ya geti, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi. Viatu alivyovaa muuguzi siku ile vilishonwa na yeye.

"Dada, moyo wangu unasemaje?"

"Unasema upunguze maneno."

"Basi huo si wangu. Umeshika wa jirani." Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Hizo soli zimeacha kukuuma?"

"Zimetulia."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Muuguzi aliiona. Akajiambia ni taa za wodi, akaandika 20, akaenda kitanda cha thelathini na mbili.

Saa kumi jioni daktari alipita, akasomewa fomu akiwa mlangoni. Mitungi ilikuwa sita, na ilikwenda kwa wenye pumzi zaidi ya thelathini. Mtu wa pumzi ishirini anayepiga soga haingii hata kwenye mazungumzo. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Gundi alikutwa amekufa akiwa amekaa kitako, kama anayesubiri mteja.

Hakuna aliyemlaumu muuguzi, na hilo ndilo lililomtafuna. Angetukanwa angalau angepata pa kujitetea. Alifungua kabati akatafuta viatu vingine, hakuwa navyo.

Wataalamu walikuja wakakusanya mafaili, wakashukuru, wakaondoka. Baada ya wiki sita ukaletwa mwongozo, umebandikwa ukutani kwenye karatasi inayong'aa: tisa katika kila wagonjwa kumi hupumua kawaida wanapofika, anayeongea vizuri na kupumua kawaida arudi nyumbani akanywe maji ya kutosha. Mitungi minne ikachukuliwa, maana ugonjwa wenyewe kumbe ni mwepesi. Wodi ikapewa cheti cha kumbukumbu zilizokamilika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; uongo wa muuguzi ulikuwa umefika kwa wakubwa, ukarudi umegongwa muhuri.

Alijaribu kusema. Alimfuata matroni ofisini, wakati anatundika kile cheti.

"Matroni, zile namba za pumzi... nilizibuni."

Matroni aliufunga mlango kwanza. "Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Basi hujasema kitu."

Wiki ileile alihamishiwa mapokezi, na Jumatatu mke wa Gundi akaketi kwenye benchi mbele yake, ameshika mtandio kifuani.

"Kumbe ndiye wewe!" alisema, akivitambua viatu alivyoshona mumewe, akimeza hewa katikati ya maneno. "Marehemu alinipigia simu... akasema kuna dada... anamshika mkono, anamhesabu vizuri kabisa. Akasema yuko kwenye mikono salama. Nilikuwa nataka... nikushukuru."

Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akamtazama kifua, akahesabu dakika nzima. Arobaini na moja. Akarudia. Arobaini na mbili. Akaandika 41, kubwa, mpaka kalamu ikachana karatasi.

Matroni, aliyekuwa akikagua mapokezi, aliichukua ile fomu. "Hii umeitoa wapi?"

"Kifuani pake."

"Anaongea?"

"Anaongea."

"Soma ukutani. Mtu anayeongea hapumui arobaini. Ugonjwa huu hauko hivyo." Akaikata ile 41 kwa mstari mmoja, akaandika juu yake 20, akageuka. "Anayefuata."

"Ishirini ni nzuri?" mwanamke aliuliza.

Muuguzi alitazama viatu vyake. "Ni ya kawaida."

"Mungu mkubwa. Nilishaanza kuogopa."

Akainuka, akaaga kwa mikono miwili. Mzee mmoja akakaa mahali pake, akanyoosha mkono bila kuambiwa. Muuguzi aliushika, lakini jicho lake lilikuwa dirishani. Kutoka pale hadi getini ni kama hatua hamsini. Mwanamke alisimama kwenye bomba la maji, mkono ukutani. Mabega yanapanda, yanashuka, muuguzi akahesabu. Akatembea kidogo, akasimama tena karibu na benchi tupu la fundi viatu. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, na hata nusu dakika haijafika.

"Yangu ngapi, binti?" mzee aliuliza, sauti yake nyembamba.

Dakika yake ilikuwa imekwisha. Nyuma yake foleni ilitoka nje hadi barabarani, na kisanduku chake kilikuwa bado kitupu.