Niko Ndani Kiasi Gani

Vumbi la Kwaluguru lilimfuata Zamda hadi Korogwe. Kila aliporudi kutoka kwao alirudi nalo, likatua juu ya kioo cha kompyuta, naye akalifuta kwa upindo wa mtandio, akaanza kazi.

Kazi yake ni kuiandikia mashine maagizo, kwa ajili ya chama cha wakulima wa mkonge. Agizo huita agizo, nalo huita jingine, na kila lililoita husimama likingoja lililoitwa lirudi na jibu. Yakizama mno, agizo ndani ya agizo bila mwisho, mashine huyakata yote. Ndiyo maana Zamda huweka humo swali dogo: niko ndani kiasi gani? Na mashine, isiyo na haya wala ukoo, humjibu papo hapo. Moja. Mbili. Tatu.

Laiti na watu wangejibu hivyo.

Hiza, fundi pikipiki wa Mombo, alimpenda, naye alimpenda Hiza. Mapenzi yao yalikuwa na kosa moja tu: yalifuata taratibu. Hiza akamtuma mshenga, Mzee Twaha. Mzee Twaha akamwendea Isihaka, baba mdogo wa Zamda. Baba mdogo akasema hatamki neno kabla ya shangazi Mwatumu, akapeleka ujumbe Kwaluguru. Kisha kimya. Mvua zikapita, mahindi yakavunwa, kimya. Niko ndani kiasi gani? Lakini binti wa watu haulizii posa yake mwenyewe. Akangoja.

Hiza naye akangoja, mpaka akachoka. Kimya kile akakiona ni kukataliwa, na Ijumaa iliyopita akaoa kwingine.

Kesho yake Zamda alikwenda Kwaluguru. Alimkuta shangazi uani akipepeta mahindi, akamwamkia, asiketi, akamuuliza jibu lilikwama kwa nani.

Shangazi akaweka ungo chini. "Mimi nilimjibu Isihaka kwamba uulizwe wewe kwanza, mwanangu. Mpaka leo nangoja jibu lako."

Kumbe wa mwisho alimwita yeye Zamda, na kwa haya hakuna aliyemfikishia mwito. Hakuna aliyekataa. Wote walisimama na adabu zao wakimngoja yeye, naye na adabu zake akiwangoja wao. Hata wa kumchukia hakumpata, na hilo lilimuuma kupita yote.

Jumatatu vumbi lilikuwa juu ya kioo. Zamda hakulifuta. Aliandika humo kwa kidole jibu alilokuwa nalo tangu siku ya kwanza, ambalo hakuna aliyekuja kulitaka.

Ndiyo.

Kisha akashika upindo wa mtandio, akafuta, akaanza kazi.