Mkamwana Nyuma ya Pazia

Wifi yangu Bertha Kalinga, Mhehe wa Nyololo, ni profesa wa kutibu usemi, wa kwanza kuifundisha kazi hiyo huku kwetu. Alipokwenda Ulaya kuisomea, sisi wa Iyunga tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mtu apande ndege kwenda kujifunza kuongea, kitu ambacho shangazi zetu wanakifanya bure gengeni kutwa nzima? Akarudi, akatibu watoto wenye kigugumizi, akaanzisha idara chuoni, akavishwa joho. Tukaendelea kucheka.

Kisha baba yetu, Mzee Anyitike, akapata kiharusi. Miguu ilirudi, maneno yakagoma. Likabaki moja tu: mshenzi. Mchungaji alikuja kumwombea, na badala ya amina akaambiwa mshenzi. Nilitoka nje kucheka, niliporudi nikakuta baba analia. Nikalia naye.

Bertha alisema maneno yanaweza kurudi, ila tukichelewa ndiyo basi tena. Shida ikawa ni sisi Wanyakyusa. Mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye. Miaka yote ya ndoa, Bertha akimwona baba uani alikuwa anakimbilia nyuma ya jiko, profesa mzima. Kaka yangu Jailos, mumewe Bertha, ambaye mila nyingine zote zimemshinda, akaishikilia hii. Akatamka kwamba wa kumwondolea Bertha mwiko ni mzee mwenyewe, tena kwa kinywa chake.

"Kinywa kipi, Jailos?" nikamuuliza. Akaangalia simu yake.

Tukatundika pazia mlangoni. Bertha alikaa upande wa sebuleni, mimi ndani na baba, niwe mdomo wa profesa. Akisema nikunje midomo, nakunja, na baba ananishangaa tu. Nilikuwa sijui ninachofanya, na hasira zikanipanda.

Ndipo Bertha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, polepole, akigonga mapigo kwenye fremu ya mlango. Baba akaudakia kwa sauti ya besi, maneno yote. Bertha akanieleza kwamba usemi ukifungwa, wimbo mara nyingi hubaki. Siku zilizofuata akapachika maneno uji na maji kwenye wimbo huohuo, na baba akaviomba kwa kuimba. Bila wimbo, hakuna kitu.

"Wifi, lazima auone mdomo wangu," Bertha akasema. "Nje huku nimefika mwisho."

Baba alisikia. Akakohoa, akauanza wimbo peke yake, na maneno aliyoyaweka yalikuwa mawili: Bertha, ingia.

Jailos akasema kuimba siyo kusema. Nilichomjibu hakiandikiki. Nikalivuta pazia mpaka likachanika.

Bertha akaingia ameinama. Baba akamwinua kidevu kwa mkono wake mzima, akamtazama.

"Shikamoo, baba," Bertha akasema.

Baba hakuimba. "Marahaba, mwanangu."